Daktari Robert Koch na Homa ya Pwani

Watu wa Tiwi, na wa Diani na Msambweni kadhalika, wajua jambo moja wasilohitaji kusomeshwa na mtu. Mgeni ashukapo kutoka bara, mahali pa baridi, akalala kwetu bila chandarua, mara nyingi haupiti mwezi illa homa humshika, ikamlaza kitandani akatetemeka hata meno yakagongana. Na mwenyeji wake, aliyelala nyumba ile ile na akaumwa na mbu wale wale, huamka alfajiri akenda zake shamba au baharini. Wako wanaolifasiri jambo hili kuwa ni maumbile tu, kwamba damu ya mtu wa pwani ni nyingine. Fasiri hiyo haikutimia, na madhara yake si madogo, kwani mzazi aaminiye kwamba homa haina nguvu juu ya watu wake huenda akangoja siku tatu au nne kabla ya kumpeleka mtoto hospitali, na siku tatu kwa mtoto mchanga ni nyingi mno. Kwa hivyo tumeona ni kheri kuwaeleza wasomaji wetu tarikhi ya maisha ya mmoja katika wale walioichungua mas'ala hii mwanzo, naye ni Daktari Robert Koch, Mjerumani, aliyepata kukaa katika pwani hii hii yetu, upande wa Dar es Salaam.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, milimani Harz, katika nyumba yenye watoto wengi, na baba yake alikuwa ofisa wa machimbo ya madini. Husemwa kwamba alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti, kabla hajatiwa skuli. Alisoma udaktari katika chuo kikuu cha Göttingen akahitimu mwaka 1866, akatumika katika vita vya Wajerumani na Wafaransa vya 1870, kisha mwaka 1872 akapewa kazi ya udaktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hapakuwa na maabara huko, wala maktaba, wala mwalimu wa kumuuliza. Alikuwa na hadubini, na alitenga sehemu ya chumba alimopokelea wagonjwa, na baada ya kazi ya mchana akaketi humo kuchungua damu ya kondoo na ng'ombe waliokufa kwa kimeta.

Zama hizo madaktari wengi waliamini kwamba maradhi hutokana na hewa mbovu, na hata neno malaria asili yake ni Kitaliani, maana yake hewa mbaya. Koch akaonyesha mwaka 1876, mbele ya wataalamu wa Breslau, kwamba kimeta huletwa na kijidudu kimoja maalumu, ambacho aliweza kukikuza nje ya mwili wa mnyama na kukitia katika mnyama mzima, naye akaugua ugonjwa ule ule. Baada ya hapo aliitwa Berlin, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo yalikisiwa kuua mtu 1 katika kila watu 7. Mwaka uliofuata alikwenda Alexandria, na kutoka huko Calcutta, kuchungua kipindupindu, na huko nako akafaulu. Jina lake likaenea duniani.

Hapa ndipo penye ibra katika maisha yake, nasi tutapakalia zaidi kuliko sifa zake. Mtu huyu alikuwa mwindaji wa vijidudu, na mwindaji hutazama mnyama anayemwinda. Hakuwa na mazoea ya kuutazama mwili wenyewe, kwamba nao una kazi yake. Mwaka 1890 alitangaza Berlin kwamba amepata kitu kiwezacho kuzuia kifua kikuu, dawa iliyofanywa kwa vijidudu vyenyewe na ikaitwa tubakulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Yeye akaificha siri ya dawa ile wala hakusema imefanywa kwa nini, mpaka mwaka 1891. Wakati huo ilikwisha kudhihiri kwamba haiponyi. Wengi waliotiwa sindano walishikwa na homa kali, vidonda vya mapafu yao vikawaka, na wengine wakafa. Kwa maoni yetu, kosa la kwanza la daktari linasameheka, kwa kuwa kila mwenye kutafuta hukosea. Lakini kuwauzia watu walio mahututi dawa isiyojulikana asili yake si jambo la kusifiwa, hata kwa mtu mkubwa kama yeye.

Kwa nini miili ile iliwaka hivyo? Kwa sababu ilikuwa ikikijua tayari kijidudu cha kifua kikuu, na ilipotiwa sehemu zake ikainuka kwa ghadhabu kupigana naye. Mwili wa mtu ambaye hajapata kukutana na kijidudu hicho haufanyi hivyo. Ndiyo maana tubakulini ile ile, ambayo haikufaa kuwa dawa, imefaa kuwa kipimo. Daktari humchoma mtu kidogo tu katika ngozi ya mkono, kisha hungoja siku mbili au tatu atazame kama pamevimba pakawa pagumu. Uvimbe ule ni ushahidi kwamba mwili unakumbuka. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo.

Na katika mwaka ule ule wa 1890, katika maabara yake mwenyewe, wanafunzi wake wawili, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, waliona jambo kubwa. Walimtia mnyama sumu ya pepopunda iliyopunguzwa nguvu, kidogo kidogo, mpaka akaizoea. Kisha wakatwaa maji ya damu yake wakamtia mnyama mwingine, na huyo wa pili akasalimika na sumu ambayo ingemuua. Basi ikajulikana kwamba ndani ya maji ya damu mna kitu ambacho mwili hukitengeneza wenyewe dhidi ya adui mmoja maalumu, na leo kwa Kiswahili chaitwa kingamwili. Sindano ya pepopunda wapewayo kina mama waja wazito katika zahanati zetu imejengwa juu ya msingi huo: kingamwili ya mama humpitia mtoto tumboni, ikamlinda kitovu chake kikatwapo.

Mrusi mmoja, Ilya Metchnikoff, alikuwa akisema tangu miaka ya 1880 kwamba mlinzi wa kweli si maji ya damu, bali ni chembe nyeupe ziendazo huku na huku mwilini zikimeza vijidudu. Koch na watu wake hawakumkubali. Ubishi ukachukua miaka mingi, na mwisho wake ikaonekana pande zote mbili zilikuwa na haki, hata mwaka 1908 Metchnikoff akapewa Tunzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyekuwa wa upande wa maji ya damu. Kwani ngozi na makamasi na uchungu wa tumbo huzuia adui mlangoni. Akipenya, chembe nyeupe zimezazo humkabili mara moja, yeyote awaye. Na nyuma yake huja chembe nyingine, zenye kukawia siku kadhaa, zimtambuazo adui huyo kwa sura yake na kutengeneza kingamwili imfaayo yeye tu. Vita vikiisha, baadhi ya chembe hizi hubaki miaka mingi zikiwa na kumbukumbu. Hivyo ndivyo mtu aliyeugua ndui akapona asivyougua tena, jambo lililojulikana na mabibi zetu na matabibu wa kale kabla hapajakuwa na hadubini. Na kwa kuutia mwili kumbukumbu hiyo bila ya kuuguza, ndui yenyewe ilifutwa duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, pwani ya Somalia, mwaka 1977.

Tumrudie Koch. Mwaka 1896 aliitwa Kimberley, Afrika ya Kusini, kwa ajili ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa umekwisha kuwafilisi Wamasai na wafugaji wengine wa kwetu miaka michache nyuma. Akagundua kwamba ng'ombe mzima akitiwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka hupata kinga. Yafaa kutazama jinsi mtu huyu alivyokuwa akigeuka: sasa hatafuti tu kijidudu, bali aufundisha mwili. Kutoka huko alikwenda Bombay kwa sababu ya tauni, na katikati ya mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, akakaa hata mwaka 1898.

Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa mji mdogo wa minazi na madimbwi, na homa ilikuwa ikiwaangusha Wazungu mmoja baada ya mmoja. Koch akachungua damu zao, kisha akapanda milima ya Usambara kutazama hali ya watu wa huko. Aliona kwamba Washambaa wa vilele vya juu hawakuwa na homa maadamu wamekaa kwao, lakini wakishuka nchi za chini, Tanga na kwingineko, hurejea wagonjwa. Naye akakuta kwamba wao wenyewe waliiita homa hiyo kwa jina la mdudu, mbu, kwa kuwa walisema mdudu huyo huwauma huko chini ndipo wakaugua. Ilikuwa mwaka huo huo wa 1897, mwezi wa Agosti, ambapo Ronald Ross huko India alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Washambaa hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho, na tunamsifu Koch kwa kuwa aliyasikiliza maneno yao na kuyaandika.

Swali lililobaki ni lile tulilolianza. Mshambaa na mtu wa Tanga si watu wa mbali, hunena lugha zilizo karibu na huuziana sokoni. Kwa nini huyu aangushwe na yule asiangushwe? Jawabu alilipata mwaka 1899 na 1900, alipokwenda Java na New Guinea. Huko aliingia vijiji vyenye homa nyingi akapima damu ya kila rika, wala hakupima wagonjwa peke yao kama ilivyokuwa desturi. Akaona vimelea vimejaa katika damu ya watoto wachanga, vimepungua katika damu ya watoto waliokua kidogo, na katika watu wazima karibu havionekani kabisa. Na wafanya kazi wageni waliotoka mahali pasipo na malaria waliugua wakubwa kwa wadogo. Basi ikamdhihirikia kwamba kinga ile haifuati rangi wala kabila. Mtu huipata kwa kuugua mara nyingi utotoni, akiokoka.

Msomaji atazame neno hilo, akiokoka. Kinga ya mtu mzima wa Tiwi imelipiwa, na aliyelipa ni mtoto. Kila mzee asiyeijali homa leo alikuwa na wenzake wa rika moja ambao hawakupata kukua, na makaburi mafupi yaliyo nyuma ya nyumba za kale hayahitaji maelezo.

Elimu iliyokuja baada ya Koch imeeleza kwa nini malipo ni makubwa hivyo. Ndui ina sura moja, na mwili ukiisha kuijua umeijua. Kimelea cha malaria kina sura nyingi. Mbu akiuma, vimelea hukimbilia ini kwanza, wakajificha humo siku kadhaa, kisha huingia chembe nyekundu za damu, na juu ya chembe hizo huvaa vazi ambalo hulibadili mara kwa mara. Mwili hujifunza vazi moja, mara wakaja na jingine. Ndiyo sababu mtoto huhitaji kuugua tena na tena kabla mwili wake haujakusanya kingamwili za kutosha. Kwamba kweli ni kingamwili zifanyazo kazi hiyo ilithibitishwa Gambia mwaka 1961, ambapo watoto wagonjwa walitiwa kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wazima wa huko, na vimelea vikapungua sana katika damu yao.

Tena kinga yenyewe si kamili wala si ya milele. Humzuia mtu mzima asife na asilale kitandani, lakini haimzuii kubeba vimelea vichache, akaumwa na mbu, na mbu akampelekea jirani. Mtoto azaliwapo huwa na akiba aliyopewa na mama yake, nayo humfaa miezi michache ya mwanzo kisha ikaisha. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza huwa katika khatari hata kama ni mzaliwa wa hapa, kwa kuwa vimelea hujikusanya katika kondo la nyuma, mahali ambapo mwili wake haujapata kupigania. Na kijana wetu akenda Uarabuni kufanya kazi, akakaa miaka bila kuumwa na mbu mwenye vimelea, hurudi akiwa na kumbukumbu iliyofifia. Akijiona kuwa ni mtu wa pwani asiyehitaji chandarua, huenda akaugua karibu kama mgeni.

Insafu yatulazimu tuseme pia kwamba wale wasemao damu ya pwani ni nyingine wana chembe ya haki. Daktari Anthony Allison alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya mwaka 1949, akaona kwamba maumbile ya selimundu yamezidi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na ni machache kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu yake: mtoto aliyeyarithi kwa mzazi mmoja huhifadhika na malaria kali. Lakini aliyeyarithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu wenyewe, wenye maumivu makubwa. Hii nayo si zawadi ya bure.

Katika zama zetu mambo yamegeuka. Kati ya 1999 na 2007 watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali za Kilifi na Kwale walipungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni neema kubwa. Ila huko Kilifi waganga waliona pia kwamba umri wa watoto waliolazwa ulipanda, kwani mtoto asiyeumwa mara nyingi hukawia kupata kinga. Kwa hivyo mtoto wa miaka mitano au sita wa Tiwi leo si kama alivyokuwa babu yake katika umri huo, na homa yake isipuuzwe kwa kuwa ameshakuwa mkubwa. Chanjo ya malaria, ambayo ilijaribiwa Kilifi miongoni mwa mahali pengine, ilianza kutolewa magharibi ya Kenya mwezi wa Septemba 1919 ukiongeza miaka 100, yaani 2019. Hupunguza malaria kali kwa watoto wadogo, wala haizuii homa zote.

Koch alipata Tunzo ya Nobel mwaka 1905 kwa kazi yake ya kifua kikuu, na mwaka huo alikuwa amerudi Afrika ya Mashariki, ambako alionyesha kwamba homa ya papasi huletwa na papasi wakaao katika sakafu na nyufa za kuta, na kwamba papasi hurithisha kijidudu hicho kwa watoto wao. Kisha akaja safari ya mwisho, ya 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, ambako malale ilikuwa imekwisha kuua watu wengi mno.

Alipiga kambi huko na wagonjwa wakamjia kwa mamia. Aliwatia sindano za dawa iitwayo atoxyl, ambayo ndani yake mna zarniki. Mwanzoni walipata nafuu, naye akafurahi. Walakini maradhi yakarudi, akaongeza kipimo, na watu zaidi ya 20 wakapofuka macho wasione tena. Hapo ndipo akarudi katika kipimo cha kwanza. Twaona kwamba tabia ile ya Berlin ya mwaka 1890, ya kuamini dawa kabla haijathibitika, ilikuwa haijamtoka, na safari hii waliolipa hawakuwa na magazeti ya kuwasemea. Hakujua, wala hapana aliyejua wakati huo, kwamba kimelea cha malale hubadili vazi lake upesi kuliko hata kile cha malaria. Mwili hutengeneza kingamwili, nacho kimekwisha kubadilika, hutengeneza nyingine, nacho kimebadilika tena, mpaka mgonjwa huchoka. Mpaka leo hakuna chanjo ya malale, ijapokuwa dawa zake zimekuwa bora sana.

Alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1907 akiwa mzee. Tarehe 27 Mei 1910 alifariki katika mji wa Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, naye ana miaka 66. Majivu ya mwili wake yamewekwa Berlin, ndani ya jengo la taasisi aliyoiongoza, nayo ina jina lake hata leo.